Mwendo wa Santuri ya Hunadi

Jumapili ya pili ya kila mwezi Lesetja Mothapo hatumwi dukani, wala haalikwi harusini akakubali. Siku hiyo ni ya Dinaledi, klabu ya wapenzi wa jazi wa kitongoji cha Mamelodi, na mkewe Raesibe aliacha kushindana nayo zamani, kama mtu anavyoacha kushindana na mvua.

Klabu ina wanachama ishirini na wawili. Hukutana kwa zamu majumbani, saa nane mchana, wanaume wakiwa na kofia na viatu vya rangi mbili, wanawake na magauni yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Kila mmoja huja na santuri zake kwapani. Sheria zao si nyingi. Santuri ikizunguka, hakuna kuzungumza. Jalada hupitishwa mkono kwa mkono na haliwekwi chini. Anayeguswa na mpigaji husimama pale alipo akacheza peke yake, macho ameyafumba, vidole vikifuata ala hewani, na hakuna anayemshika mkono wala kumwita. Watu wa nje huona ni kichekesho. Wenyewe hujua kwamba kusimama hivyo ndiyo njia ya kusema asante kwa mtu aliye mbali, ambaye pengine amekwisha kufa.

Lesetja ana miaka sitini na minne. Thelathini na sita kati ya hiyo aliimaliza kiwandani akiunganisha milango ya magari kwa moto wa umeme, na kelele za huko zilimwachia masikio yasiyosikia vizuri sauti nyembamba. Ndege wa alfajiri yeye hawasikii tena. Besi anaisikia, ngoma anazisikia, na pembe, yaani saksafoni na tarumbeta, anazisikia zaidi ya watu wengi, kwa sababu huzisikiliza kwa bidii ya mtu anayeogopa kupitwa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita yeye ndiye aliyeiomba Dinaledi ianze na kile walichokiita saa ya mpya. Kabla ya kuingia kwenye santuri za zamani ambazo kila mmoja alizijua kama njia ya kwao, mwanachama mmoja alete albamu iliyotoka mwaka huohuo. Aeleze nani anapiga nini, kisha upigwe upande mmoja. Upande mmoja tu, maana wazee wana mipaka ya subira. Siku ile Lesetja aliwaambia kwamba kuifungua albamu mpya ni kama kupokea barua ya mtu asiyejua kama upo, na bado amekuandikia. Walimpigia makofi. Lakini miaka ilivyopita, wenzake walichoka kuleta barua hizo, na mzigo ukabaki mabegani mwake peke yake.

Mwezi wa Julai, kwenye mkutano wa mwaka, mwenyekiti Solly Makgoba akalitoa lililokuwa moyoni. Bra Solly, yaani Kaka Solly, kama kila mtu anavyomwita, ni mrefu, ana miaka sabini, na ana jozi kumi na tisa za viatu.

"Lesetja, ndugu yangu," alisema, "hao watoto wako wanapiga vizuri, sikatai. Lakini mimi santuri ninazozipenda bado sijazimaliza kuzisikiliza. Mpya za nini?"

"Na mkate ulioula leo asubuhi ulikuwa wa mwaka gani?" Lesetja akamuuliza.

Watu wakacheka. Mma Phasha, muuguzi mstaafu ambaye ulimi wake haukustaafu, hakucheka. "Mkate haunilazi usingizi," alisema. "Mwaka huu nimelala mara tatu kwenye saa yako ya mpya. Nalala vizuri kuliko kwangu. Nimefikiri nianze kuja na mto."

Mabishano yalikwenda mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: mwezi wa Agosti Lesetja alete albamu moja, ile anayoiamini kuliko zote. Akisimama hata mtu mmoja, saa ya mpya inabaki. Asiposimama mtu, imekwisha, na haitatajwa tena. Mleta santuri hahesabiwi, wala mtu wa nyumbani kwake.

"Raesibe naye umemfunga miguu?" Lesetja aliuliza.

"Raesibe husimama kukuonea huruma," Bra Solly akajibu. "Hiyo si jazi, hiyo ni ndoa."

Albamu Lesetja alikuwa nayo tayari. Ilikuwa ya Hunadi Nkadimeng, binti wa hapohapo Mamelodi, mpigaji wa saksafoni ndogo, ile ya alto. Ilikuwa albamu yake ya kwanza: santuri mbili ndani ya jalada moja la rangi ya udongo, bila uimbaji wowote, pembe na piano na besi na ngoma tu. Lesetja aliiagiza siku ileile ilipotangazwa. Ilipofika hakuifungua haraka. Aliishika siku nzima, akasoma majina ya wapigaji, akakuta wawili ambao baba zao anawafahamu.

Tangu siku hiyo aliisikiliza kila alfajiri, kikombe cha kahawa mkononi. Ilikuwa muziki mzito, wa polepole, wenye nafasi kubwa kati ya sauti na sauti. Saksafoni ilishuka chini sana, ikakaa huko kama mtu aliyejiinamia. Palikuwa na kifungu kimoja katika wimbo wa kwanza ambacho Lesetja alikiona kama mtu anayeshuka ngazi gizani huku ameshika ukuta.

Mwezi wa Mei alikuwa amemzika mdogo wake, Matome. Yeye ndiye aliyeshughulika na hema, na ng'ombe, na mabasi ya kwenda makaburini, na wageni waliotoka Polokwane bila blanketi. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume. Hakupata nafasi ya kulia, na ilipopatikana, machozi hayakuja. Yalikuja na santuri ya Hunadi, asubuhi ya kwanza, kwenye kile kifungu cha ngazi. Alilia mpaka kahawa ikawa baridi, kisha akashukuru kwa sauti, akimtaja binti yule kwa jina kamili.

Raesibe alikuwa na maoni yake. "Huyo mtoto analia nini kila asubuhi?" aliuliza kutoka jikoni.

"Halii. Anafikiri."

"Basi afikiri haraka haraka. Uji unapoa."

Jumapili ya Agosti ilifika na upepo wake wa vumbi. Zamu ilikuwa ya nyumbani kwa Mma Phasha, na kuanzia saa saba viti vilikuwa vimezungushwa sebuleni, dumu la kinywaji cha tangawizi likiwa kivulini, na sufuria ya matumbo ya ng'ombe ikitoa harufu iliyofika barabarani. Lesetja alisimama mbele ya mashine ya santuri. Alikuwa ameandika hotuba yake kwenye karatasi tatu, naye akaisoma yote.

Aliwaambia mambo mengi, lakini lililowakaa kichwani ni moja. "Mtaona kwenye jalada kwamba Hunadi anapiga saksafoni ndogo," alisema. "Sikilizeni alichofanya. Pembe ndogo ameipa sauti ya pembe kubwa. Mimi nimesikiliza jazi kwa miaka hamsini na sijawahi kusikia alto ikishuka kiasi hiki. Sijui anapumua wapi. Sijui nani amemfundisha. Najua tu kwamba tumepewa."

Alilitoa jalada, likaanza safari yake mkono kwa mkono. Akaishusha sindano.

Muziki ulianza kujaza chumba polepole, kama maji yanayoingia shambani bila haraka. Lesetja alikaa, mikono magotini, akiwaangalia wenzake kwa pembe ya jicho. Wimbo wa kwanza ulipita. Hakuna aliyesimama. Wa pili ulianza. Mzee mmoja aliinama kukaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea. Bra Solly alikuwa ameangalia dari kwa heshima yote ya mtu anayesubiri hotuba ya mkwe imalizike. Mma Phasha alikuwa na jalada mkononi. Mara aliliangalia jalada, mara aliiangalia ile saa ndogo ya wauguzi aliyoibandika kifuani tangu siku za wodini.

Upande ukafika mwisho. Sindano ikaanza kukwaruza katikati. Viti vyote vilikuwa na watu wake.

Lesetja alikwenda kuinyanyua sindano. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imeishia hapo, mbele ya dumu la tangawizi. Aliposhika mkono wa mashine alisikia mtu amesimama nyuma yake.

"Ntate Mothapo," Mma Phasha alisema, akimwita kwa heshima ya mzee, kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia kwa wagonjwa. "Wimbo wa kwanza, hapa wameandika dakika nne kamili. Mimi nimehesabu dakika tano na sekunde ishirini na nne."

"Labda saa yako, Mma."

"Saa hii imehesabu mapigo ya nusu ya Mamelodi. Haijamkosea mtu." Akainama juu ya santuri, akagusa karatasi ya katikati kwa ukucha. "Vaa miwani."

Lesetja akavaa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za mtama, palikuwa na tarakimu mbili: arobaini na tano.

Ieleweke kwamba hakuwa mjinga. Tangu utotoni alijua kama alivyojua jina lake kwamba santuri kubwa huzunguka mara thelathini na tatu kwa dakika, na santuri ndogo, zile zenye tundu pana la wimbo mmoja mmoja, ndizo zinazozunguka arobaini na tano. Mkono wake haukuwa umegusa swichi ya mwendo kwa miaka ishirini. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi wapo wanaotengeneza santuri kubwa ya mwendo wa kasi ili sauti itoke safi zaidi. Wiki sita nzima alikuwa amemsikiliza Hunadi akiwa amemshika koti, amemzuia asikimbie.

"Mimi sijaona kitu," Mma Phasha alisema. "Wewe ndiye mwenye santuri. Ukitaka, nimenyamaza."

Alikuwa hasemi kwa kejeli. Alikuwa amemfungulia mlango wa nyuma, na mlango ule ulitosha mtu kupita na heshima yake. Angeirudisha santuri kwenye jalada, akakubali kwamba saa ya mpya imekufa, na wenzake wangempiga mgongoni wakasema ulijitahidi, Lesetja, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Hakuna ambaye angejua. Hotuba yake ingesahaulika ifikapo Jumatano.

Lakini hapo ndipo palipomchoma: watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Watu ishirini na mmoja wangerudi makwao wakijua kwamba mtoto wa Nkadimeng anapiga muziki wa kulaza, na halikuwa kosa la mtoto wa Nkadimeng. Binti yule alikuwa amewaandikia barua. Yeye ndiye aliyeisoma vibaya mbele ya watu, tena kwa mbwembwe, karatasi tatu.

Akageuka, akavua kofia.

"Dinaledi," alisema, "naomba radhi. Upande huu hamjausikia."

"Tumeusikia," Bra Solly akasema. "Tumeusikia wote mpaka mwisho. Tena kwa adabu."

"Mliousikia ni wangu. Wa Hunadi bado. Santuri hii ni ya arobaini na tano. Nimeipiga kwa thelathini na tatu."

Watu wakaigeukia mashine.

"Leo tu?" mtu mmoja akauliza kutoka pembeni.

"Leo, na kila asubuhi kwa wiki sita."

Bra Solly akakunja uso kama mtu anayejumlisha hesabu ngumu. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo ile pembe ndogo yenye sauti ya pembe kubwa..."

"Ilikuwa swichi, Bra Solly."

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee wa kamba za viatu alilazimika kushikiliwa. Mtu alisema kwamba sasa anajua binti yule anapumua wapi: anapumua kwenye kidole cha Lesetja. Mwingine akauliza kama na mke wake alimwoa kwa mwendo huohuo, maana uchumba wao ulichukua miaka sita. Raesibe, aliyekuwa akisaidia jikoni na sasa ametokeza mlangoni na mwiko mkononi, akajibu mwenyewe kwamba miaka sita ilikuwa kasi, wangemwona anavyopaka nyumba rangi.

Lesetja alisimama katikati ya vicheko hivyo, kofia mkononi, mpaka vikapungua vyenyewe.

"Naomba upigwe tena," alisema.

"Sheria ni upande mmoja," Bra Solly akasema huku akifuta macho.

"Na upande huo haujapigwa."

"Sindano imeshuka, imepanda. Mimi nimeona."

"Bra Solly," Mma Phasha akaingilia, "mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, unamwambia dozi yake ya leo imekwisha?"

Mwenyekiti alimtazama, akamtazama Lesetja, akatazama viatu vyake vya kahawia na nyeupe kana kwamba navyo vina kura. "Wanaotaka dozi wanyooshe mikono," akasema. Mikono ikanyooka, mingi kwa ajili ya kicheko kuliko kwa ajili ya jazi.

Lesetja akasogeza swichi. Akashusha sindano, akarudi kukaa.

Kitu kilichotoka kwenye spika hakukijua. Saksafoni ilipanda juu, nyepesi, yenye ncha, ikichekana na piano. Ngoma zilikuwa zikiruka. Kwa dakika moja aliumia, kama mtu anayekutana na mjane wa jana akicheka sokoni. Alitamani kumwambia binti yule apunguze, kuna mtu amezikwa. Kisha kikaja kile kifungu. Zilikuwa sauti zilezile, kwa mpangilio uleule. Angeweza kuzihesabu akiwa usingizini. Mtu wake wa ngazini hakuwa gizani wala hakuwa ameshika ukuta. Alikuwa anashuka mbio, miguu mitupu, mchana, kwa sababu mtu anayempenda amebisha hodi.

Alikuwa bado anastaajabia hilo aliposikia kiti kikisukumwa. Mma Phasha alikuwa amesimama. Macho ameyafumba, kidevu juu, vidole vyake kumi vikifuata saksafoni hewani bila kukosa hata kitufe kimoja. Baada yake akasimama mzee wa kamba. Wakasimama wanne kwa pamoja upande wa dirishani. Mtu akapiga mluzi mrefu, ule wa kuomba mpigaji asiache. Wa mwisho kabisa, taratibu, akijifanya ananyoosha mgongo, akasimama Bra Solly, na alipokwisha kusimama miguu yake mirefu ilisahau umri wake.

Mleta santuri hahesabiwi. Lesetja alikaa, mikono magotini, mtu pekee aliyekaa chumbani humo, akawaangalia. Sauti nyembamba za matoazi hakuzisikia. Alijua kwamba zipo kwa jinsi bega la Mma Phasha lilivyokuwa likishtuka. Alishukuru kwa bega lile. Alimshukuru Hunadi mara mbili, mara moja kwa santuri aliyoipiga na mara nyingine kwa ile ambayo hakuipiga, iliyomfikia kwa njia ya kosa wakati alipoihitaji. Alifikiri kwamba yeye na Matome wangeicheka siku hii kwa miaka mingi, na wazo hilo likamfanya atabasamu.

Sindano ilipopandishwa hakuna aliyetaja makubaliano ya Julai. Bra Solly alifungua daftari la klabu, akakaa nalo kwa muda, kalamu ikining'inia.

"Septemba, saa ya mpya," alisema. "Nani analeta?"

Watu wote wakamgeukia Lesetja.

"Huyo apumzike," Bra Solly akasema. "Ataleta kanda akaipiga kinyumenyume. Nitaleta mimi." Akaandika jina lake mwenyewe, akalipigia mstari. "Mtaniambia mnanunua wapi. Mimi duka la mwisho ninalolijua lilifungwa nikiwa na nywele."

Walikula. Ugali ulikuwa mlaini, matumbo yalikuwa yameiva mpaka hayakuhitaji meno, na achari ya Raesibe iliwatoa watu jasho. Utani uliendelea, na Lesetja aliupokea kama mtu anayepokea wageni aliowaalika mwenyewe. Jua lilipoanza kuegemea mlima, alikuwa nje kibarazani akifuta santuri kwa kitambaa kabla ya kuzirudisha jaladani, Bra Solly akaja na sahani yake na kukaa kando.

Alikula matonge mawili.

"Ile ya kwanza," akasema mwishowe, akiangalia barabarani. "Ya polepole. Mashine yako nyumbani bado inaipiga?"

"Inaipiga."

"Ningependa kuisikiliza tena. Tukiwa wawili tu. Si kwa ajili ya klabu."

Lesetja akafikiri kwamba huyu naye ana mtu wake wa kumlilia. Alilifunga jalada, akalipitisha mkononi mwa mwenzake, kama desturi inavyotaka.

"Njoo Jumanne alfajiri," alisema. "Kahawa ipo. Lakini usimwambie Phasha, atakuja na saa."